Shangazi Aliyeshona Magauni ya Wodini

Shangazi yetu, ambaye mtaani wengi walimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, binti pekee wa mpiga chapa na mkunga. Alisoma hadi kidato cha tatu. Mwaka 1975 usingizi ulimkimbia, akawa anajibizana na watu ambao sisi wengine hatuwaoni. Alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, wodi ya wasichana, hadi mwaka 1979. Majirani waliambiwa yuko masomoni. Leo familia imekubaliana isemwe wazi.

Aliporudi alijifunza cherehani, akapanga chumba nyuma ya duka la dawa. Wateja walimpenda kwa utani wake. Mabibi harusi aliwaonya wasithubutu kukonda, kitambaa ameshakikata. Yeye mwenyewe hakuolewa. Mwaka 1986 mwalimu mmoja alileta posa, lakini ndugu zake waliposikia Shangazi alikuwa amelazwa wapi, posa ikafa. Gauni alilokuwa ameanza kujishonea alilimalizia, akamuuzia mteja.

Mwaka 2004 walikuja watengeneza filamu. Hadithi yao ilihusu wasichana wa wodi kama ile, wakamwomba ashone magauni ya wagonjwa, bila kujua historia yake. Siku moja mwongozaji alikuwa akipanga tukio la siku ya wageni, wasichana wakiwakimbilia mama zao. Shangazi aliweka sindano chini.

“Sisi tulikuwa tunasukana tangu asubuhi,” alisema taratibu. “Halafu hakuna anayekuja.”

 Tukio likapigwa picha hivyo, bila mgeni hata mmoja.

Filamu ilipotoka alimwalika kaka yake, yaani baba yetu. Taa zilipowashwa, wao wawili hawakuinuka. Baba akamuuliza kama kweli walikuwa wakisukana.

“Kila Jumapili,” akajibu.

Walirudi kwa miguu. Kuanzia wiki iliyofuata Baba alikwenda kwake kila Jumapili, hata walipokosa la kuzungumza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa mwezi Mei 2023, na tarehe 9 Juni, asubuhi, akakata roho muuguzi akimtandikia shuka safi.

Ameacha kaka mmoja, sisi watoto wanne wa kaka yake, wajukuu sita, na wanawake wawili aliolazwa nao ujanani. Aliagiza hao wakae safu ya mbele, pamoja na ndugu. Ndio hao mnaowaona.

Lala salama, Shangazi yetu.