Bi Verediana na Siku Saba za Benchi

Jumanne ya tarehe 30 Juni 1998, Bi Verediana Kokugonza, muuguzi wa shule yetu, atavua gwanda jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na mmoja: kumi na saba katika hospitali za serikali, na kumi na minne hapa kwetu Kasingirima, Kigoma, katika kile chumba chenye mlango wa kijani kinachonukia spiriti. Kamati ya kumuaga ilikaa, ikanywa soda, ikaamua kwamba wasifu huu uandikwe na Mwalimu Abdulmajid Pazi wa Jiografia na Michezo, kwa hoja kwamba hakuna mfanyakazi aliyegombana naye zaidi yake, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwandishi alikata rufaa. Rufaa ilitupwa.

Bi Verediana ni mzaliwa wa Muleba. Alishuka kwenye treni kutoka Tabora mwaka 1984 akiwa na sanduku la bati na machipukizi mawili ya migomba yaliyofungwa kwenye gunia bichi, maana alikuwa ameambiwa kwamba Kigoma hakuna ndizi za kula mtu mwenye heshima zake. Watu wa Kasulu waliokuwa stesheni wakishusha mikungu yao walimtazama, wakatazamana. Machipukizi yale leo ni shamba dogo nyuma ya zahanati, na hajawahi kukiri kwamba alidanganywa.

Ili msomaji ajue alichokikuta, inabidi kwanza aelezwe tiba iliyokuwepo. Siku hizo mchezaji aliyegongwa kichwa alihudumiwa na mwalimu wa michezo, yaani mwandishi, mwenye ndoo ya maji, kitunguu na vidole. Mgonjwa alimwagiwa maji, akanusishwa kitunguu, kisha akaonyeshwa vidole na kuulizwa ni vingapi. Mwandishi alikuwa akionyesha viwili kila mara. Shule nzima ilijua kwamba jibu ni viwili. Wapo waliojibu viwili kabla hawajafumbua macho, nao wakarudishwa uwanjani kwa makofi.

Mwaka 1985 beki wetu Selestini, wa Kidato cha Tatu, aligongana kichwa na mshambuliaji. Alijibu viwili, akamaliza mechi, tena akafunga goli. Saa moja baadaye alikutwa bwaloni bado amevaa viatu vya mpira, akimuuliza mpishi mechi inaanza saa ngapi. Mpishi alidhani ni utani, akamwongezea maharage. Bi Verediana hakudhani ni utani. Alikaa naye hospitali siku nne mpaka kijana akajua tena yuko wapi na jina la mama yake ni nani. Aliporudi hakumgombeza mwandishi. Alikuja uwanjani, akachukua kile kitunguu, akaenda kukitia mchuzini.

Wiki hiyo hiyo alibandika karatasi kwenye mlango wa kijani. Ilieleza kwamba ubongo ukitikisika huumia hata kama ngozi haikuchanika, na kwamba pigo la pili juu ya la kwanza ndilo linaloua. Kwa hiyo mchezaji yeyote aliyegongwa kichwa, wa mpira wa miguu au wa pete, atatoka. Hatarudi siku hiyo hata akiapa kwa babu zake. Atakaa benchi siku saba, asikimbie wala asisome, na atarudi kidogo kidogo: kwanza kutembea, kisha kukimbia, mpira wa kichwa mwisho wa yote. Kila pigo litaandikwa kwenye daftari. Na anayeamua ni muuguzi. Si kocha, si nahodha, si Mkuu wa Shule.

Mwandishi alilipinga Sharti hilo kwa barua tatu, mojawapo ikiwa na takwimu alizozitunga mwenyewe. Wanafunzi nao walilipinga mpaka walipofika kwenye neno asisome. Juma la mitihani ya Hisabati, wanafunzi kumi na mmoja waligonga vichwa, wawili kati yao wakiwa kwenye mchezo wa bao. Bi Verediana aliwapokea wote kwa upole. Aliwalaza kwenye chumba chenye pazia zito, bila redio, bila karata, bila ruhusa ya kwenda sokoni Mwanga, akawanywesha uji usio na sukari huku akiwasimulia, kwa sauti ile ile moja, historia ya ukoo wake tangu babu wa tisa. Kufikia Alhamisi ugonjwa ulikuwa umekwisha shuleni, na kumi wakaomba wenyewe kufanya mtihani. Wa kumi na mmoja aliipenda historia, na leo ni mwalimu wa somo hilo.

Haimaanishi kwamba Bi Verediana hakuwahi kukosea. Alikosea mara moja, na mwandishi anaisimulia kwa furaha kubwa.

Sharti lilikuwa na maswali manne ya kumpima aliyegongwa: leo ni siku gani, sasa ni saa ngapi, nani amefunga goli la mwisho, na nani Mkuu wa Shule. Mapema mwaka 1994, baada ya vita ya Burundi kuwaleta watu kwa maelfu, tulimpokea Feliksi, mkimbizi kutoka Bujumbura, aliyekaa na mjomba wake fundi cherehani pale Mwanga. Siku yake ya nne shuleni alisimama golini, akaanguka vibaya. Bi Verediana akaja na maswali yake. Siku aliijua. Alipoulizwa saa, alitazama jua, akafikiri, akasema ni saa kumi na tano. Akaulizwa tena taratibu. Akafikiri zaidi, akasema ni saa kumi na tano na dakika ishirini. Alipoulizwa Mkuu wa Shule alitaja jina la padri ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia. Goli la mwisho alisema limefungwa kwa mkono, jambo lililokuwa kweli, ila refa alikuwa mwandishi na alilikubali.

Hapo hali ikaonekana mbaya sana. Vijana wanne walimbeba kwenye machela iliyotengenezwa kwa wavu wa goli, yeye akipinga kwa Kirundi na Kifaransa, na kila alivyopinga ndivyo walivyoongeza mwendo. Walipofika Mwanga mjomba alitoka na tepu yake shingoni, akauliza kulikoni. Alipoelezwa, alikaa chini barabarani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kule alikosoma Feliksi, ratiba nzima ya shule ilihesabu saa ishirini na nne kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa tisa yetu ya alasiri kwao ni ya kumi na tano. Padri alikuwa mkuu wa shule aliyoiacha. Na kilichoumia ni bega.

Jumatatu Bi Verediana alimwomba radhi Feliksi mbele ya gwaride la asubuhi. Kisha akakaa naye mchana kutwa wakayaandika upya maswali. La saa likafutwa, la Mkuu wa Shule likafutwa, na yaliyobaki yakaandikwa kwa Kiswahili, Kiha, Kirundi na Kifaransa. Miaka ile ofisi nyingi za mji huu zilikuwa na fomu zisizowatosha wakimbizi, na mkimbizi ndiye aliyeambiwa ajipunguze. Mwandishi anamjua mtumishi mmoja tu aliyeibadilisha fomu.

Sasa yafuata ya mwaka 1996, ambayo mwandishi angependa kuyaruka.

Novemba ile boti kutoka ng'ambo ya ziwa zilikuwa zikishusha watu wa Kongo mchana kutwa, na nusu ya uwanja wetu ilipewa familia zilizosubiri magari ya kwenda makambini. Hakuna aliyelalamika, maana goli linahamishika na watu wale hawakuwa na pa kwenda. Tulilihamishia goli karibu na tangi la maji la saruji, tukaendelea kujiandaa. Tulikuwa tumeingia fainali ya shule za sekondari za mkoa kwa mara ya kwanza tangu mwandishi aote ndevu, na tulifika huko kwa mikono ya kipa mmoja, Feliksi. Kipa wa akiba alikuwa Japhet, kijana mwenye adabu, ambaye mpira ukimjia alifumba macho.

Alhamisi kabla ya fainali Feliksi aliruka kuokoa mpira, kichwa kikapiga ukingo wa tangi. Bi Verediana alikuwa kwenye mahema akiwachanja watoto surua. Daftari lilikuwa mikononi mwa mwandishi. Feliksi alisimama, akayajibu maswali yote kwa lugha nne, kisha akaenda nyuma ya tangi akatapika. Mwandishi alimwona. Sharti lilikuwa wazi kabisa. Kwenye daftari mwandishi akaandika: bega.

Jumamosi uwanja wa mjini ulifurika. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kukaa, kombe liko mezani limefunikwa kitambaa, na wapinzani wetu kutoka Kasulu wameleta ngoma. Bi Verediana akaingia na gwanda lake, akaenda moja kwa moja golini, akamwomba Feliksi glavu, akazipeleka kwenye benchi akazikalia. Akasema huyu kijana amegonga kichwa na hachezi.

Mkuu wa Shule wa wakati ule, ambaye sasa amehamia mkoa mwingine na hawezi tena kumwandikia mwandishi barua ya onyo, alikuja mbio na daftari, akamwonyesha neno bega. Bi Verediana hakuinuka. Mkuu akamwambia kwamba ifikapo Jumatatu atakuwa amehamishiwa Kibondo. Bi Verediana akamjibu kwamba ni sawa, hata Kibondo watu wana vichwa. Jukwaa likaanza kupiga miluzi. Ndipo akamgeukia mwandishi na kumuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ni bega au kichwa.

Mwandishi alimtazama mgeni rasmi. Akatazama kombe. Akamtazama Feliksi, ambaye alikuwa amekinga macho kwa mkono ingawa kulikuwa na mawingu. Bi Verediana alisubiri wala hakurudia swali. Mwandishi akasema ni kichwa, na kwamba kijana alitapika, na kwamba yeye mwenyewe alimwona.

Mechi ilichezwa. Japhet alifumba macho kwa uaminifu mkubwa, na hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa matatu. Kipindi cha pili aliokoa penalti kwa paji la uso, jukwaa zima likasimama kumshangilia, na Bi Verediana naye akasimama, akamwonyesha benchi. Japhet akatoka akitabasamu, nadhani kwa shukrani. Goli likabaki na winga wetu wa kushoto, aliyeendelea kushambulia kama kawaida yake. Tulifungwa saba bila. Wiki nzima mwandishi hakuweza kununua hata samaki aina ya migebuka sokoni bila kuulizwa habari za vichwa vya wachezaji wake.

Feliksi aliumwa kichwa wiki tano. Alikuwa hawezi kutazama ubao wala kustahimili mlio wa kengele. Daktari aliyempima Jumatatu aliuliza kama alicheza Jumamosi; alipoambiwa hakucheza alishusha pumzi, akaandika dawa. Barua ya Kibondo haikuandikwa. Tangu hapo wanafunzi arobaini na watatu wamekaa benchi siku zao saba, wakimnung'unikia Bi Verediana, na wote wamerudi kucheza. Hatujazika hata mmoja. Mwandishi amekagua kabati la vikombe vya shule, na hakuna kombe linalotolewa kwa msiba ambao haukutokea.

Wiki mbili zilizopita mwandishi alikwenda Mwanga kuhakiki tarehe za wasifu huu. Feliksi anamsaidia mjomba kushona huku akisubiri kuanza Kidato cha Tano. Katika mazungumzo, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, alisema kwamba asubuhi ile ya fainali aliamka hawezi kusimama wima, akaenda kwa Bi Verediana kabla ya chai, akamweleza kila kitu: tangi, kutapika, na kwamba Mwalimu Pazi aliona; naye akamwambia aende tu na wenzake, atawakuta uwanjani.

Hapa naomba nimweke kando huyo mwandishi, niseme mwenyewe.

Bi Verediana, kwa mwaka mmoja na nusu nimetembea mji huu nikijisifu moyoni kwamba, pamoja na makosa yangu yote, siku ile ulinitegemea mimi ukweli ujulikane. Kumbe ulikuja uwanjani ukiwa nao mkononi. Ungeweza kutangaza mbele ya mgeni rasmi kwamba nimeandika uongo kwenye daftari lako, nami nisingekuwa mwalimu wa mtu yeyote tena. Hukutangaza. Uliniuliza, ukanisubiri, na hujawahi kulitaja hadi leo.

Muuguzi mpya bado hajapangwa. Nimemwomba Mkuu wa Shule, kwa barua ya nne na isiyo na takwimu, daftari likabidhiwe kwangu mpaka atakapofika, na amekubali. Wafanyakazi na wanafunzi wote wanakushukuru, vichwa vyao vikiwa vizima. Uwe na afya, Mama, na uzeeke kwa raha Muleba kati ya ndizi za kula mtu mwenye heshima zake. Mimi nakushukuru kwa jambo moja: uliniuliza swali ambalo jibu lake ulikuwa nalo, ukanyamaza mpaka nikalijibu.