Nyumba ya Nyasho Nimeshaiposa

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Magige, zima hiyo simu. Elias, kaa chini. Wewe ukisimama unakuwaga na haraka ya kujibu, na leo sitaki kujibiwa. Ghati, acha jiko, chakula kitasubiri. Mchungaji yupo, ndiye shahidi, ayashike nitakayosema, maana mimi Machage baba yenu naondoka, na hata daktari ameacha kunidanganya.

Nataka kusema habari ya nyumba. Najua mkitoka humu ndani mnanong'onaga kwamba mzee alikurupuka, akaposa nyumba ya watu huko Nyasho kabla hajauza yake hapa Kabasa. Mnasema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, nilikurupuka. Lakini sikieni kilichonikurupusha.

Dada yenu Ghati alirudi kutoka Tarime na watoto wake na begi moja, mume kamfukuza. Mama yenu Justina alikuwa bado hai, akawapokea, akawaosha wale watoto miguu, akawapa uji. Wiki haijaisha nikasikia kwa masikio yangu, hapo uani, mtu wa nyumba hii akisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Simtaji, Elias anamjua, analala naye. Ghati akashika jembe, na mpaka leo hajalitua. Mama yenu alipokuwa anakufa hakuniomba kitu kingine. Aliniambia, "Baba Magige, siku ukinifuata, huyu mtoto watamtoa." Nilimkatalia, nikamwambia wanangu si watu wa hivyo. Halafu nikaanza kuwaangalia. Wewe Magige umeshaupima uwanja huu kwa hatua, ukimwonyesha fundi mahali pa kujenga fremu za duka, na mimi nakuona dirishani, sijafa.

Kwa desturi yetu binti aliyerudi hana fungu katika mji wa baba yake, na desturi siwezi kuibadilisha nikiwa kitandani. Lakini mtu aliye hai anauza chake na kununua anapotaka. Basi nikasikia msibani kwamba Marieta, mjane wa rafiki yangu, anauza nyumba yake ya Nyasho, kule Musoma, ahamie Bukima kwa shemeji zake. Vyumba viwili na sebule, maji ndani, na soko ambako Ghati anauza dagaa liko karibu, atakuwa anakwenda kwa miguu badala ya kuamka usiku kuwahi gari la Musoma. Kulikuwa na mtu mwingine anaitaka. Nikasema, Marieta, usimpe, hiyo ni yangu, na kesho yake nikampelekea mtamba mwekundu ashike naye neno langu, kama mtu anayeposa. Sikumwuliza yeyote kati yenu. Nilidhani nyumba hii, iliyo barabarani, hapa Bunda mjini, itauzika kabla ya mvua.

Haikuuzika. Watu walikuja, wakasifu bati, wakaonja maji ya kisima, wakazunguka upande wa jikoni, wakaliona kaburi la mama yenu, na kila mmoja akakumbuka kwamba ana safari. Tukapanda pamba, tukavuna, nyumba ipo. Marieta naye kwa ajili ya neno langu akawakataa wateja wote, akaenda Bukima, akamtoa yule mtamba kushikia nyumba ya shemeji yake. Kwa hiyo nikiteleza mimi, anaanguka yeye, na shemeji yake anaanguka juu yake. Elias, unasema twende tukamrudishe ng'ombe wetu. Ng'ombe ameshazaa kwa watu, utamrudisha na ndama? Juzi Marieta alikuja kuniona, akaniletea samaki, furu wa kukausha, akakaa hapo ulipo Magige, akauliza habari za kifua, za mvua, za wajukuu. Habari za nyumba hakuuliza. Wanangu, iliniuma. Angenitukana ningelala usingizi.

Sasa Boniphace, yule anayenunua mahindi hapa Kabasa, amekubali kuinunua. Kaburi la mama yenu atalizungushia uzio, na nyinyi mtaingia kulifagia kila mkitaka, hilo tumekubaliana liandikwe. Lakini aliniangalia ninavyohema, akasema kwa heshima kabisa, "Mzee, kaburi moja nitalitunza kama la mama yangu. Yakiwa mawili, nitakuwa nimenunua makaburini." Sikumkasirikia. Kila mtu anajua mwanaume anazikwa katika mji wake, kando ya mke wake, na mji wenye kaburi la baba watoto hawauuzi. Na nyinyi mnajua. Ndiyo maana mmetulia hivi, hamgombani na mimi, mnasubiri tu nifike pale jikoni.

Basi hili ndilo neno langu. Nikifa msinizike hapa. Kaa, Elias, sijamaliza. Mtanipeleka Butiama, kwenye ardhi ya baba yangu, kwa baba yenu mdogo Mniko. Mnajua sijala kwake tangu tulipogombania mpaka wa mkonge, na bado nasema aliusogeza. Lakini nilimpigia simu nikamwomba mahali pa kulala. Akasema, "Kaka, wewe njoo tu." Wagombanao ndio wapatanao. Huo mpaka msimdai tena. Nikiwa pale nitaulinda mwenyewe.

Ng'ombe waliobaki na shamba la pamba ni mali yenu Magige na Elias, gawaneni bila kutukanana. Mkataba wa Boniphace mtautia sahihi nyote wawili, fedha iende kwa Marieta siku hiyohiyo, na nyumba ya Nyasho iandikwe jina la Ghati, jina lake yeye, si la kaka wa kumtunzia. Watu watasema watoto wa Machage wamemtupa baba yao kwa ndugu. Waacheni waseme. Lakini mkinizika hapa kwa kisingizio cha mapenzi, mtakuwa mmemfukuza dada yenu kwa mwili wangu, na hilo ni deni, nitawadai huko mtakakonikuta.

Ghati, usitikise kichwa. Nisikilize. Mahali pale jikoni nilipachagua mimi, nikamwambia mchimbaji asogee kushoto ili nibakiwe na nafasi yangu. Kila asubuhi nikitoka kunawa uso naiangalia ile nafasi na moyo unatulia. Kuiacha kunaniuma, nasema mbele ya mchungaji, kunaniuma kuliko kufa kwenyewe. Lakini mama yako alikuombea wewe. Hakuniomba nikalale naye.

Nipeni maji. Kidogo. Basi, inatosha.

Magige, Mungu akupe watoto wenye kusikia kuliko wewe. Elias, mkeo ana mdomo, ila mikono yake ni ya kazi. Usimgombeze kwa maneno yangu ya leo. Ghati, ufunge mlango wako na kuufungua mwenyewe, na kaka zako wakija wamechoka uwape maji. Mkae... mkae mkitembeleana. Mungu aliyenilea yatima awalee na nyinyi. Shikaneni mikono. Hapo. Msiachie kwanza.

Kifua kimebana. Neno la mwisho, ni dogo. Siku mtakayonipakia kwenda Butiama, gari lisiondoke kwanza. Ghati, wewe uende pale upande wa jikoni, peke yako. Mwambie mama yako... asinisubiri. Mwambie mtoto amepata nyumba.