Injini Iliyokunywa Oili Yake

Fungeni mlango, na jirani mwombeni apunguze redio, kwa sababu pumzi yangu imebaki ya kuhesabu na sitasema jambo mara mbili. Kitinda mimba, mwandiko wako ndio unaosomeka, chukua daftari uandike. Wewe kaka yao, kaa kwenye kile kiti nikuone uso. Na wewe binti yangu, acha kukunja hizo nguo, hazikimbii. Kaa hapa miguuni pangu.

Nyumba ni ya wote watatu na haiuzwi. Nguo zangu mpeni anayezitaka, na asipopatikana pigieni deki. Hayo ni mepesi. Nililowaitia ni mashine ya kusaga, na hapa andika vizuri: mashine, banda lake, injini na mikanda yake yote ni mali ya dada yenu peke yake. Usikohoe, baba, wewe wa kwenye kiti, sijamaliza.

Miaka tisa sasa mtaa mzima unasema binti yangu aliua injini ya kwanza kwa kusahau kuitia oili. Mmesema ninyi, wamesema wateja, hata watoto wa shule wanamwita Kavu, nami nilikuwa nakaa palepale nikipepeta nafaka kama sisikii. Ukweli wa oili ile tunaujua wawili tu, mimi na kaka yenu, na mmoja wetu anaondoka.

Wewe, mwanangu wa kwanza, ndiyo kwanza ulikuwa umefungua gereji yako ya magari madogo ya petroli, na mkono wako ulikuwa unasifiwa. Ukaja na turbo uliyoifungua kwenye gari lililopinduka, umeizungushia gazeti kama zawadi. Ukanieleza kwamba moshi wa injini unazungusha feni, feni inasukuma hewa nyingi ndani, injini inapata nguvu, na tutasaga magunia mawili kwa muda wa gunia moja. Nikakuuliza, hiyo si ya petroli, na yetu si dizeli? Ukacheka. "Mama, moshi wa petroli ni wa moto zaidi. Kitu kilichozoea moto ule kitaiona dizeli yako kama maji ya kuoga." Fundi mzee wa dizeli, yule tuliyemwita Nozeli kwa vile alivyoshinda akisafisha vipulizia mafuta vya injini, akapita, akainama akaangalia, akasema kidude hicho ni kidogo kwa injini hii, kimetengenezewa gari la kwenda sokoni na kurudi, hakitaweza kuzungushwa kwa mzigo kutwa nzima, tena bomba ulilofunga la kurudisha oili ni jembamba na limepinda. Ukamjibu, "Mzee, wewe endelea na nozeli zako." Wateja wakacheka. Mimi pia nilicheka. Liandike na hilo.

Kuhusu moto ulisema kweli. Mengine yote ulikosea.

Siku kumi na moja mashine ilipiga mluzi kama askari wa barabarani, na foleni ikafika hadi kwa fundi viatu. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, injini ikaanza kuongeza mbio yenyewe na banda likajaa moshi wa buluu. Ukaikimbilia kama unavyoyakimbilia magari yako, ukafunga mafuta, ukasimama kungoja inyamaze. Gari la petroli lingenyamaza. Hii haikuitaka dizeli yako tena: oili ilikuwa imeshindwa kurudi kwa lile bomba jembamba, turbo ikaachia, inaimwaga kwenye njia ya hewa, na injini inainywa oili yake yenyewe na kuichoma kama mafuta. Ukaufunga tena ule mkono wa kufungia mafuta, na tena, halafu ukatoka mbio pamoja na wateja. Kwa kukimbia sikulaumu. Mimi nilikuwa nje kabla yako.

Aliyerudi ndani ni huyu hapa. Alichukua mfuniko wa mbao wa pipa la unga, akaukandamiza kwa kifua kwenye mdomo wa hewa, akaikaba injini mpaka ikafa. Kabla haijafa ilitoboka ubavu, na chuma kilichoruka kikamvunja paja.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Yeye akiwa hospitali, wewe ulishaifungua turbo ukaificha. Ukawaita watu, ukachomoa kijiti cha kupimia oili mbele yao, kikatoka kikavu. Ukasema, "Mnaona wenyewe. Dada hakutia oili." Nani angebisha? Kijiti kilikuwa kikavu kweli. Lakini asubuhi ile aliyetia oili ni mimi, kwa mkono wangu huu, hadi alama ya juu, na yeye alikuwa bado anafagia. Ulijua kwamba najua. Ukanitazama, nami nikaangalia chini. Niliwaza kwamba gereji yako ina mwezi mmoja, na ikijulikana umeua injini ya mama yako hakuna atakayekuletea hata baiskeli. Huyu atapona, atakuwepo nyumbani tu. Nikamtoa yeye kafara. Sikumuuliza.

Aliporudi na magongo ukaniambia asiiguse injini mpya. Nikamwambia asiiguse. Miaka tisa amefagia pumba kwenye banda alilokuwa akiliendesha. Aliyekuja kumposa akaambiwa ni mzembe, hakurudi. Na huyu hajanijibu vibaya hata siku moja. Afadhali angenijibu.

Usilie, binti yangu, utanifanya nishindwe kumaliza. Sisemi haya ili unisamehe. Hilo utalifanya ukipata nafasi, na usipoipata, basi.

Juzi umeweka gunia nyuma ya mlango wa banda, baba. Nimeambiwa lina nini. Turbo nyingine, ya petroli vilevile, nami sijakata hata roho. Ulidhani mashine imeshakuwa yako. Iondoe leo, jua halijashuka.

Kesho wateja wakipanga foleni, utasimama mlangoni pa banda useme injini ile uliiua wewe, na oili ilikuwa imetiwa. Useme pia kwamba mama alijua. Usinisitiri kwa sababu nitakuwa nimekufa. Kitinda mimba, utasimama karibu yake na daftari hilo. Akiruka neno, msomee.

Niinueni kidogo... hapo. Basi.

Kitinda mimba, Mungu akutangulie kila uendako, na ulimi wako usikufunge kama wangu. Binti yangu, mkono wangu hauinuki, uchukue wewe uuweke kichwani pako. Hivyo. Ubarikiwe wewe, na kazi yako, na kila atakayekula unga wa banda lako.

Na wewe, mwanangu wa kwanza... nilikupenda kuliko ilivyofaa. Baraka yako ipo, sikukunyima. Nimemwachia dada yako.

Ukaiombe kwake.