Siku ya Kwanza Tulikusalimia

Mgeni rasmi, Maman Patricie Mbarushimana, mkuu wa ajira katika kampuni ya usafirishaji ya Isimbi. Papa Ntabaza, mwalimu wetu. Wazazi mliovuka mpaka asubuhi na mapema. Amani iwe kwenu nyote.

KARIBU KWETU

Sisi wanafunzi wa kigeni wa shule ya biashara hapa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, tuna furaha isiyo kifani. Kusema kweli, Maman, tulikuota kabla hujafika. Mwenzetu Sandrine aliota umeketi chumbani kwetu unakunywa chai na kusoma CV zetu, na nje ya dirisha ziwa limetulia. Alipoamka, alifumba macho tena ili umalizie ukurasa wa mwisho.

TULIKOTOKA

Wengi wetu ni batoto ba Bukavu, Kongo, ng'ambo tu hapo. Wengine walipitia mpaka wa Ruhwa kutoka Burundi. Mama zetu ni wachuuzi wa mpakani, walibeba nyanya na vitenge ili sisi tubebe vitabu. Kwao, mtu haendi kwa mteja mpya akaanza kueleza shida zake. Siku ya kwanza unasalimia, unauliza habari za nyumbani, unaondoka. Siku ya pili ndipo unasema kilichokuleta. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

TULIYOYAFANYA

Tumesoma forodha, hesabu za kampuni na masoko ya nchi jirani. Tunasema Kiswahili, Kifaransa, na Kinyarwanda kinachowachekesha wenyeji, lakini wanatuelewa. Mwaka jana mlipofanya siku ya ajira Kigali, tulikuja kwa basi, na suti za kuazima. Tulifika mezani kwako, Maman. Tukakuuliza habari za kazi, za nyumba, za watoto. Ukatuambia kitinda mimba wako ameanza kutambaa. Tukakutakia heri, tukarudi Rusizi tukiimba njia nzima.

KILICHOTUKWAMISHA

Papa Ntabaza alikuwa anatungoja kituoni.

"Muliomba kazi?"

"Hapana, Papa. Tulibasalimia tu. Ilikuwa siku ya kwanza."

Mzee akashika kichwa. "Yesu wangu! Batoto, kule hakuna siku ya pili!"

Baadaye kampuni yako ilituandikia kwamba vijana wa Rusizi ni wapole sana, ila hawakuonyesha nia. Tulilia, Maman. Nia ndiyo iliyokuwa imetunyima usingizi wiki nzima!

Tangu hapo tumebadilisha mkakati. Kila jioni mwenzetu Muderhwa anajifanya bosi: anavaa miwani, anakunja uso, nasi tunaomba kazi mmoja mmoja bila kuuliza habari za mtu. Inatuwia vigumu. Juzi Védastine aliomba vizuri kabisa, akafika mlangoni, kisha akageuka: "Na maman yako, anaendelea aje?" Tulicheka hadi machozi, halafu tukahesabu siku zilizobaki. Vibali vyetu vya kukaa hapa ni vya uanafunzi, na vinakwisha mwezi ujao pamoja na masomo. Asiye na mkataba wa kazi atafunga sanduku lake.

OMBI

Kuomba kompyuta na intaneti tunawaachia watakaosoma risala baada yetu. Sisi tunaota kitu kimoja. Tunaota ofisi yenye dirisha, kadi yenye jina kifuani, simu inalia, mtu wa Mombasa anauliza mzigo wake umefika wapi, nasi tunajua. Tunamjibu polepole, na kabla hajakata tunamuuliza watoto hawajambo. Labda kampuni yako inahitaji watu wa namna hiyo, Maman. Sisi tunaamini hivyo.

Mungu akuvushe salama kona zote za msitu wa Nyungwe unaporudi. Yule mtoto aliyekuwa anatambaa, sasa akimbie asianguke. Tusamehe, tulijaribu kutomtaja tukashindwa.

Basi, salamu zimekwisha. Leo ni siku ya pili, Maman Patricie. Tunaomba kazi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kigeni wa Biashara ya Kimataifa, Kamembe, Rusizi.
Imesomwa kwa niaba yao na Véronique Bashige.