Mama Miche na Balungi Jekundu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama aliyewapa wengi wetu mti wa uani. Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Sisi tulimwita Mama Miche. Mama Miche ametutoka. Amezikwa juma lililopita, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu.

Kazi yake ilikuwa kubebesha miche ya malimau na mabalungi. Alikata jicho la mti mzuri, akalipachika kwenye mche mgumu, akafunga kwa utepe wa plastiki. Shamba lake lilikuwa ua wa nyuma, kati ya ukuta wa karakana ya kuchomelea vyuma na kamba ya kuanikia nguo.

Ukienda kuomba mlimau, atakuuliza: wa nini? Maana malimau si mamoja. Limau kali, lenye ganda la matuta na mbegu tele, alilitaka kwa mizizi yake tu, kwa sababu halifi kwa kiu. Limau la chuchu, lenye ncha iliyochomoza, ndilo la jikoni. Huzaa karibu mwaka mzima, ila miiba yake haina adabu. Na lile la mviringo, lenye rangi inayokaribia chungwa, lina utamu kidogo, lakini ganda lake jembamba halivumilii safari. "Huyo ni bibi harusi," alikuwa akisema, "usimtie kwenye gunia."

Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye mabalungi. Jeupe lina mbegu nyingi na uchungu, lakini likimenywa harufu hujaa nyumba nzima. La waridi limekaa katikati. Jekundu lina mbegu chache, na ndilo kila mtu alilolililia. Mti wake wa balungi jekundu ulisimama karibu na bomba la maji. Macho yote ya miche ya balungi jekundu aliyakata hapo. Lishikeni hilo, wasikilizaji: macho yote, mti mmoja.

Mdogo wake, msusi wa nywele aliyekuwa akiishi naye, anasema mambo yalianza kwa majani. Jani moja lilikuwa na manjano upande mmoja tu. Mama Miche akadhani ni njaa ya udongo. Akaweka samadi, akaweka majivu. Kisha matunda yakaja madogo, yamepinda, kitako kimebaki kijani. Akakamua moja, akaonja, akatema.

Alimwita bwana shamba. Yule kijana akayageuza majani, kisha akaeleza. Ugonjwa huo hauna dawa. Huenezwa na mdudu mdogo. Na huenezwa pia na jicho lililokatwa kwenye mti mgonjwa.

Mama Miche akamuuliza swali moja tu. "Mti unaweza kuumwa miaka bila kuonyesha?"

"Unaweza, mama."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mdogo wake anasema hakulia. Alitazama tu juu ya ukuta, kule ambako vilele vya mibalungi ya majirani vilionekana, kila ua na wake.

Kesho yake aliukata mti ule wa bombani, akauchoma moto. Akavaa viatu vyake vya kutokea, akaanza kubisha hodi. Kila nyumba aliwaambia lile lile: mti niliokupa unaumwa, umeumwa kwangu, tafadhali ukate. Wengine walimkaribisha chai, wakabadilisha mazungumzo. Mmoja alimshutumu kuwa anatafuta tu kuuza miche mipya. Fundi cherehani wa jirani, aliyepewa mche siku mwanawe alipozaliwa, alikataa kwa upole.

"Dada, wema hauozi," akamwambia.

"Huu umeoza," akajibu Mama Miche. "Nisaidie kuukata."

Haukukatwa. Mingi haikukatwa. Akajaribu kuanza upya, akaleta mbegu safi, akaziotesha chini ya chandarua. Lakini wadudu walikuwa kwa majirani, na chandarua kina matundu. Msimu haukuisha majani yakapiga manjano. Akang'oa yote, milimau na mibalungi, akakiweka kisu chake juu ya kabati. Hakukishika tena. Kifua kilipomlaza, alikuwa akimuuliza mdogo wake kila mgeni alipotoka: amekata? Na mdogo wake, ambaye hajui kudanganya, alikuwa akisema bado.

Siku ya maziko watu walijaa hadi barabarani. Msusi anatuambia kuwa wakati wanatoka makaburini, wanawake wawili walimvuta kando, wakamuuliza kwa sauti ya chini kama imebaki miche ya balungi jekundu.

"Niliwaambia hakuna," anasema. "Wakadhani nawanyima."

Tunatoa pole kwa mdogo wake, kwa jamaa wote, na kwa mtaa mzima. Mungu awape subira. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, naomba mtoke uani asubuhi, mgeuze jani, mtazame. Nasikia mti wa fundi cherehani umechanua mwaka huu, maua meupe tele, na watoto wake wanaokota yaliyoanguka. Tafakari ninayowaachia ni hii: mtu afanye nini, ikiwa alichokitoa kwa moyo mweupe hakuna anayekubali akichukue tena?