Bwana Uweso na Tone la Pongwe

Tarehe 31 Desemba 1958 Bwana Uweso Miraji, mhudumu wa maabara ya hospitali yetu, atakabidhi ufunguo wa kabati la darubini baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Tunaomjua tunasema ufunguo huo utatoka kwa shida.

Alianza mwaka 1931 akiwa mfagizi. Mwaka 1950 alipelekwa Amani, kule milimani, miezi mitatu kujifunza kusoma damu kwa darubini. Alirudi hodari, na baridi ya kule anailalamikia mpaka leo. Ni mkali. Ukishika vioo vyake kwa vidole vyenye mafuta ya maandazi, utakiona cha mtema kuni. Watoto wa wodini humwita Bwana Mbu, kwa kuwa huchoma na kuondoka na damu. Naye huwavumia puani kabla ya kuwachoma.

Mitaani si wote waliocheka. Wapo waliomwita mumiani, mnyonya damu za watu, wakamfungia milango.

Mwaka 1955 aliletwa kutoka Pongwe mtoto wa miaka saba, Msafiri, mwenye ule ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe za damu kama mundu. Homa yake ilikuwa ndogo, lakini damu ilikuwa imemwishia ghafla. Tulichelewa. Alifariki siku ya pili. Dada yake Asmahani, wa miaka mitano, alikuwa pale na mafua, na hakupimwa. Aliyeandika daftarini kwamba dada ni mzima ni mimi, karani ninayeandika haya.

Daktari alitueleza kwamba yawezekana homa ile ni ya virusi, vijidudu visivyoonekana hata kwa darubini yetu. Nyumba nzima huugua kidogo ikapona, ila mwenye damu ya mundu mwili wake huacha kutengeneza damu. Bwana Uweso aliuliza: na yule dada? Akapanda baiskeli hadi Pongwe, siku ya tatu ya matanga, kumwomba mama aliyefiwa damu ya mtoto aliyebaki. Jamani, huo ni ujasiri au wazimu, sijui.

Wanaume waliokuwa barazani walisimama. Mama wa watoto, Semeni, akatoka.

“Mmoja mmemmaliza. Huyu simtoi.”

Bwana Uweso alimpa sindano, akanyoosha kidole chake.

“Nichome mimi kwanza, mama. Uone inatoka kiasi gani.”

Semeni akamchoma, tena kwa nguvu. Likatoka tone moja, likawekwa kwenye karatasi nyeupe. Kisha akamwita Asmahani, akamchoma kwa mkono wake mwenyewe. Tone la mtoto lilikuwa limepauka kama maji ya kuoshea nyama. Semeni hakungoja kuelezwa. Alimfunga mtoto mgongoni wakaja. Asmahani naye alikuwa na damu ya mundu. Aliongezwa damu ya mjomba wake, mmoja wa wale waliosimama barazani.

Tangu hapo, akija mtoto mmoja mwenye ugonjwa huo, Bwana Uweso hupima ndugu zake wote. Mwaka huu amewawahi wanne.

Asmahani, sasa ana miaka minane, ndiye atakayetoa zawadi yetu. Semeni tulimwomba aseme machache, akakataa. Mimi nilikwenda kumwomba radhi, nikiwa nimechelewa miaka mitatu. Akaniuliza kama siku hizi naangalia kabla ya kuandika.

Bwana Uweso, ahsante. Mungu akupe afya, umri mrefu na jua la kutosha. Mimi naangalia.