Draiva ya Taisto

Kwenye tramu ya Helsinki mtu hamsemeshi asiyemjua, labda awe amelewa. Ndiyo maana Irma, abiria wa kiti cha nyuma, alikunja gazeti lake pale bibi wa kiti cha mbele, aliyepakata kompyuta iliyofungwa taulo, alipomgusa kiwiko kijana wa pembeni yake, mwenye stika ya pengwini, nembo ya mfumo wa kompyuta wa Linux, kwenye laptopu.

"Mwanangu, hiyo Linux unaijua? Yangu imejisasisha, skrini imekuwa nyeusi tii."

"Hiyo ni draiva, bibi, programu inayoiendesha kadi ya grafiki. Nani aliiweka?"

"Marehemu mume wangu, Taisto. Kwa mkono, akiandika amri moja baada ya nyingine."

Kijana akaguna. Irma akaona huruma na dharau ya fundi vikigombania uso mmoja.

"Ya mkono huharibika kila mfumo ukijisasisha. Ing'oe, uweke ile inayokuja na mfumo wenyewe. Hutasumbuka tena."

"Taisto alikuwa akiiweka upya kila mara. Mimi nachemsha kahawa, yeye anaitukana skrini. Ikiwaka, ananiita nije nione."

"Basi sasa utapumzika, bibi."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Tramu ikapunguza mwendo. Irma, ambaye kituo chake kilishapita zamani, hakutikisika.

"Nifundishe hizo amri zake," bibi akasema, akiinuka na taulo lake kifuani.

"Lakini itaharibika tena!"

Milango ikafunguka.

"Iharibike tu, mwanangu. Kahawa ipo."